Pingamizi Moja

Mlango wa oveni ulikuwa wazi tangu alfajiri. Verna Stubbs hakuwa anaoka kitu. Mtambo wa kupasha joto jengo la Tremont, alimopanga, ulikuwa umezima tena, mwenye jengo hapokei simu, na Desemba ya mji wa Corliss haina huruma. Alikuwa anavaa soksi juu ya soksi mbele ya ule moto wa gesi pale alipomwona mwanamume kwenye dirisha la mdogo wake, ng'ambo ya barabara, akipima fremu kwa tepu.

Hakuhitaji kuambiwa, lakini simu ikalia hata hivyo.

"Dada, umewaona?" Lucinda aliuliza. "Wanapima madirisha. Vioo viwili viwili, baridi haiingii ng'o. Na lifti mpya, na majiko."

"Nimewaona."

"Mbona umenuna?"

"Sijanuna. Nasikia baridi."

"Si uje huku, nikupikie mayai?"

"Nina kazi mie. Na mayai bei hiyo, kula mwenyewe."

Tuseme ukweli: Verna alikuwa na wivu, tena si wivu wa jana. Utotoni Lucinda ndiye aliyepewa kitanda cha karibu na bomba la joto, eti ana kifua. Lucinda ndiye aliyepata mume asiyelewa, na hata mume huyo alipofariki aliacha pensheni. Wa Verna aliacha gari bovu. Sasa majengo mawili yaliyojengwa mwaka mmoja, kwa matofali yale yale, ya tajiri yule yule, na bado neema imevuka barabara ikaenda kwa Lucinda kama iliyoitwa kwa jina. Ferncliff anamokaa Lucinda linakarabatiwa, Tremont linaoza, na juu ya hayo kodi ya nyumba Tremont inapanda Januari.

Kule Ferncliff, kando ya masanduku ya barua, lilibandikwa tangazo ambalo hakuna aliyelisoma isipokuwa Verna. Wivu humfanya mtu asome mambo. Lilisema leo saa tisa mchana, katika jumba la mji, wananchi watasikilizwa juu ya hatifungani zisizotozwa kodi za kukarabati Ferncliff. Aliomba ruhusa kwa msimamizi wake kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali.

"Unaumwa?" msimamizi aliuliza.

"Nina shughuli ya familia."

"Saa hizo hulipwi, Verna."

"Najua. Nimezoea kutolipwa."

Chumba cha kikao kilikuwa ghorofa ya chini, nyuma ya ofisi ya leseni za mbwa. Karani, bwana mmoja mpole aitwaye Ostrander, alishtuka kumwona mtu. Ilibidi aondoe boksi la mapambo ya Krismasi ili Verna apate kiti.

"Samahani, mama. Huwa haji mtu," alisema. "Sheria inataka tuwasikilize wananchi, basi tunakaa, hatusikii kitu, tunakwenda zetu. Umekuja kwa mradi upi? Leo iko miwili."

"Wa Ferncliff. Hebu nieleze kwanza, hizi hatifungani ni pesa za nani?"

Ostrander alionekana kufurahi kuulizwa. "Ni mkopo. Mwenye mradi anakopa kwa watu wenye pesa zao. Wakopeshaji hao hawatozwi kodi ya riba, kwa hiyo wanakubali riba ndogo, na mwenye mradi anapata nafuu kubwa. Lakini serikali kuu imeliwekea kila jimbo kiwango cha mwaka cha mikopo hiyo. Jimbo linagawa. Likishagawa limegawa."

"Na huo msamaha wa kodi anaufidia nani?"

"Sisi wote, mama. Mimi na wewe."

Kabla Verna hajasema lake, aliingia wakili mwenye koti refu la sufu na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga theluji ya barabarani. Alimsalimia Verna kwa adabu, akaketi. Ostrander akabonyeza kinasa sauti, akasoma mradi wa kwanza, ule wa wakili: kampuni ya Brantley, kiwanda cha kuchoma taka kando ya mto, dola milioni themanini.

"Kuna anayetaka kusema?"

Wakili alitazama saa yake. Verna alitazama viatu. Vilikuwa vizuri kwelikweli, na hakumwonea wivu hata chembe. Watu kama wale alikuwa anawaona kwenye televisheni tu, na nani anayegombana na televisheni?

"Hakuna. Kikao kimefungwa," alisema Ostrander, na wakili akaondoka, akimtakia kila mtu sikukuu njema.

Mradi wa pili: Ferncliff, dola milioni sita.

"Kuna anayetaka kusema?"

Verna alisimama.

"Naitwa Verna Stubbs, nakaa Tremont. Napinga."

Ostrander aliinua macho. "Unapinga, mama? Una hakika?"

"Nimepoteza mshahara kuja hapa, bwana. Nina hakika. Sisi Tremont tunaota moto wa oveni. Watoto wa jirani yangu wanalala na makoti. Wale wenzetu wa Ferncliff hawana shida kama yetu. Wana joto. Hata lifti yao inafanya kazi. Sasa wao wanaongezewa, sisi tunaongezewa kodi ya nyumba. Nani kawachagua? Kwani sisi si watu?"

Lifti ya Ferncliff ilikuwa imekufa tangu kiangazi. Verna alilijua hilo vizuri, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa akimpandishia Lucinda sabuni na maji hadi ghorofa ya sita. Uongo ulimtoka mwepesi, na kwa muda mfupi alijisikia vizuri. Aliketi akiwa na joto mwilini kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Ostrander alitangaza kikao kimefungwa, akazima kinasa sauti.

"Tremont liliombewa pia, unajua," alisema. "Tajiri wenu aliomba yote mawili. Jimbo likasema fungu halitoshi."

"Fungu lilikwenda wapi?"

"Kwa mtu uliyekaa naye hapa sasa hivi. Yule mwenye koti."

Ostrander aliendelea, taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa majibu yake. Pasipokuwa na pingamizi, meya husaini siku hiyo hiyo. Likiwapo, kwa kanuni ya mji wao, jambo huenda kwanza kwa madiwani, na madiwani hawakai mpaka mwaka mpya. Tarehe ya mwisho ya jimbo ilikuwa Ijumaa ya wiki hiyo hiyo.

"Na Ijumaa ikipita bila saini?"

"Hatifungani zinarudi jimboni. Watapewa walio kwenye foleni."

"Tremont?"

"Tremont limeshatolewa. Kwenye foleni wako Brantley. Waliomba zaidi ya walichopata."

"Basi nafuta. Futa maneno yangu."

"Siwezi. Kikao kimefungwa. Kufungua kingine ni mpaka tangazo likae wiki nzima."

"Basi niandikie kwamba napinga na kile kiwanda."

"Nacho kimefungwa, mama," alisema Ostrander. Uso wake ulionyesha kwamba anaona aibu, lakini alikuwa ameshaanza kukunja waya wa kinasa sauti.

Giza lilikuwa limeingia Verna aliposhuka basi. Hakwenda kwake. Alipanda ngazi za Ferncliff moja moja, akipumzika kila ghorofa, akampata Lucinda mezani na vipande vya vitambaa vya pazia, mguu mbaya umewekwa juu ya kiti.

"Afadhali umekuja. Kijani au cha maua?"

"Luci, weka chini hivyo."

Alimwambia yote akiwa amesimama, koti mwilini. Alimwambia na ule uongo wa lifti, ingawa angeweza kuuficha. Lucinda alisikiliza hadi mwisho. Hakulia wala hakutukana. Alikusanya vile vitambaa, akavipanga kimoja juu ya kingine, akavipanga tena.

"Kwa hiyo walisoma miwili," alisema hatimaye. "Wa milioni themanini, halafu wetu."

"Ndiyo."

"Na ule wa themanini, uliochukua na pesa zenu nyie, uliusemaje?"

"Sikuusema kitu."

"Umekwenda mpaka kule, dada, ukakaa na wakili wao chumba kimoja, usimseme?"

Verna alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Yule simjui," alisema. "Nakujua wewe."