Pini ya Nyuma

Mbwana alimwaga kopo la tatu la maji juu ya kioo, akayaacha yateremke yenyewe, ndipo akaweka kiganja. Hakuwa mtu wa kuanza na kitambaa. Kitambaa hakina hisia. Kinaweza kuiburura chembe moja ya mchanga kutoka mwanzo hadi mwisho na kuacha mkwaruzo ambao rubani, jua likimpiga usoni, atauona kama uzi wa moto umesimama angani. Kiganja hukwambia. Alikipitisha polepole kutoka mbele kwenda nyuma, vidole vimelegea, maji yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko, na aliporidhika kwamba hakuna kinachokwaruza ndipo alipochukua pamba na kuanza kukausha.

Wote pale uwanjani walikiita kioo, lakini hakikuwa kioo. Kilikuwa plastiki ngumu iliyobinuka kama ganda la yai, kifuniko cha mahali anapokaa rubani katika gilaida, ile ndege nyembamba isiyo na injini ambayo huvutwa kwa waya mpaka ikapanda juu, kisha huachwa ielee na upepo. Plastiki hiyo huogopa vitu vingi. Petroli huiotesha nyufa ndogo kama nywele. Dawa za kusafishia madirisha, vivyo hivyo. Mbwana aliyajua hayo kabla hajaiona gilaida hata moja, kwa sababu ujana wake aliumalizia Mkwiro, akitengeneza mashua za watalii zenye sakafu ya kuonea samaki, na sakafu zile zilikuwa za plastiki hiyohiyo. Huko ndiko Abdulaziz alikomkuta, akamleta kwenye uwanja wake wa nyasi nyuma ya mashamba ya miwa, njia ya kwenda Msambweni. Miaka kumi na mmoja sasa.

Katika miaka hiyo Abdulaziz, ambaye ndiye mwenye klabu na ndiye rubani mkuu, alikuwa na maneno ambayo hakumnyima mgeni yeyote. Aliwaambia kwamba hapa ndege haitoki mpaka Mbwana aipapase. Wageni walicheka, wakamtazama Mbwana mikono, naye akajifanya hajasikia. Jioni aliyabeba maneno hayo nyumbani kwa mkewe Twaiba kama mtu anayebeba samaki mzuri.

Tangu Januari maneno hayo hayakusemwa tena. Januari ndipo alipokuja Jacinter.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kwao Busia. Miaka minne alitandika vitanda katika hoteli moja ya Diani, akisoma usiku, kisha akaenda Nairobi kusomea ufundi wa ndege na akarudi na leseni. Abdulaziz alimwandika kazi siku hiyohiyo. Zamani fundi mwenye leseni aliletwa mara moja kwa mwaka kutia sahihi, na siku zilizobaki zote zilikuwa za Mbwana. Sasa kulikuwa na daftari la ukaguzi, lenye jalada la buluu, na kila juma Jacinter aliandika humo: bawaba, komeo, mpira wa kuzuia maji, mikwaruzo, nyufa, kishikio cha dharura. Chini akatia sahihi. Ndege ilitoka kwa sahihi hiyo.

Mbwana hakuwa na la kumlaumu, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Msichana alikuwa na adabu. Kila asubuhi alisimama mbele yake akasema, "Shikamoo, baba," naye akamjibu marahaba huku macho yake yako kwenye ndoo. Alimwomba amfundishe kuosha kwa kiganja, akamfundisha, na baada ya majuma mawili mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wake. Abdulaziz alianza kumwita injinia. Wageni walitaka kupiga naye picha. Hata Twaiba, siku aliyomletea mumewe chakula uwanjani, alikaa na Jacinter kivulini saa nzima wakicheka, na tangu hapo kila Ijumaa alitoa kipande cha mkate wa sinia akakifunga kando. "Cha yule binti," alisema. Mbwana alikibeba kwa baiskeli kilomita tisa, na njia nzima alikiona kizito.

Ukaguzi wa mwaka uliangukia juma la kwanza la Agosti. Alhamisi angekuja mkaguzi kutoka Nairobi, na kabla ya hapo kila kitu kilitakiwa kiwe kimepimwa na kuandikwa. Jumatatu alasiri Jacinter alimfuata Mbwana bandani akamwambia kwamba amebakiza kishikio chekundu cha gilaida ya viti viwili.

Kishikio hicho kiko ndani, upande wa kulia wa rubani. Siku ya balaa hewani, rubani hukivuta, pini mbili za chuma, ya mbele na ya nyuma, zikachomoka kwenye bawaba, na kifuniko chote kikapeperuka ili aweze kuruka na mwavuli wake. Kukipima kunataka watu wawili: mmoja ndani avute mpaka mwisho, mwingine nje akidake kifuniko kisianguke kikapasuka.

"Nikuombe unishikie, baba," Jacinter alisema. "Ni dakika kumi tu."

Mbwana alimwambia mgongo unamuuma. Haukuwa unamuuma. Aliinama palepale akaiokota ndoo yake, kisha akakumbuka, akajishika kiuno. Jacinter alimpa pole, akasema atamwita Jared, dereva wa winchi, ile mashine inayovuta waya. Lakini Jared alikuwa anawahi kwenda kwake Ukunda, akashika kwa mkono mmoja huku simu iko mkono mwingine, na Jacinter kwa kuogopa kifuniko kisidondoke alivuta kishikio kidogo tu, akakisikia kinaanza kusogea, akakirudisha. Mbwana aliyaona hayo yote kutoka nyuma ya mapipa. Akaona pia kalamu ikitoka nywelini na daftari likifunguliwa.

Kwa hiyo kesho yake, Jumanne, alipomaliza kukiosha na kukikausha kioo, alitazama huku na huku. Abdulaziz na Jacinter walikuwa wamekwenda Ukunda kununua vifaa. Mbwana alifungua kifuniko, akaweka magodoro mawili ya zamani ubavuni mwa ndege, akaingiza mkono na kuvuta kishikio chekundu. Pini ya mbele ilichomoka vizuri. Ya nyuma ilisogea kiasi cha ukucha, ikakwama. Akavuta kwa mikono miwili. Haikutoka. Aliinama akamulika kwa simu, akaona: chumvi ya hewa ya pwani ilikuwa imeingia kwenye tundu lake na kufanya kutu nyekundu, nene, kama masizi ya chungu.

Alizima taa ya simu. Kisha akairudisha pini ya mbele mahali pake, akafunga kifuniko, akatandika juu yake kitambaa cheupe cha kuzuia jua na kuzifunga kamba moja moja. Alijisikia mwepesi. Alhamisi mkaguzi atavuta kishikio kile mbele ya watu wote, pini itagoma, na chini ya maneno "kishikio cha dharura, kizima" patakuwa na sahihi ya injinia. Hakuna atakayeumia, alijiambia. Ndege iko chini, na kabla ya mkaguzi haitapaa.

Usiku ule alikula sana. Twaiba akamwuliza ana nini, akasema hana kitu.

Jumatano mvua ilinyesha kutwa. Alhamisi pakakucha kweupe, nyasi zinang'aa, na upepo mzuri ukitoka upande wa bahari. Mkaguzi alipiga simu kwamba amefika Mombasa na atakuwa uwanjani adhuhuri. Abdulaziz alilitazama anga kama mtu mwenye njaa anavyotazama sinia. Alisema ni dhambi kuipoteza asubuhi kama ile. Daftari limekamilika, ndege imetiwa sahihi, atapaa mara moja tu. Kisha akamgeukia Jacinter.

"Wewe umezikagua ndege hizi miezi saba na hujapanda hata siku moja," alimwambia. "Leo utakaa kiti cha mbele."

Jacinter aliziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Mbwana alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwao. Miaka kumi na mmoja, na hakuna aliyewahi kumwuliza kama angependa kukaa kiti cha mbele. Hakuwahi kuomba. Alidhani kitu kama kile hakiombwi, kwamba siku moja mtu atamtazama tu na kuona. Maneno aliyokuwa nayo tangu Jumanne yakashuka chini zaidi, mahali ambapo hakuyafikia.

Waliisukuma ndege hadi mwanzo wa uwanja. Jacinter alivaa mwavuli wake mgongoni, akaingia, akafunga mikanda. Abdulaziz akaketi nyuma yake. Kazi ya Mbwana ilikuwa kufunga kifuniko, nayo akaifanya. Alibana komeo akalisikia likilia kwa ndani. Chini ya kioo, ambacho alikiosha mwenyewe kikawa kama hakipo, Jacinter alimtazama na kumpungia mkono. Kisha Mbwana akaunganisha waya na kwenda kwenye ncha ya bawa.

Gilaida ina gurudumu moja tu tumboni, kwa hiyo ikiwa chini huegemea upande mmoja. Mtu huishika ncha ya bawa na kuiinua mpaka mabawa yote mawili yakae sawa. Hiyo ndiyo ishara. Kule mwisho wa uwanja, Jared akiliona bawa limenyanyuka, huanza kuvuta.

Mbwana aliliinua. Lilikuwa jepesi, kama siku zote, kilo mbili au tatu. Waya ulitetemeka kwenye nyasi, ukaanza kujinyoosha. Akamwona Jacinter amegeuza uso mbele, kidevu kimeinuka, mkono wake wa kulia umetulia pajani karibu kabisa na kishikio chekundu, kama mtu aliyekaa karibu na mlango anaojua kwamba unafunguka.

Akalilaza bawa chini.

Waya ukalegea. Hakuliachia hapo; aliketi kwenye nyasi mbichi na kuweka mkono wake juu ya ncha yake, asije mtu mwingine akaliinua. Kule mbali Jared alizima winchi. Kifuniko kikafunguliwa, na sauti ya Abdulaziz ikamfikia, haina hasira bado, ina mshangao tu.

"Mbona umelaza bawa?"

"Pini ya nyuma haitoki," Mbwana alisema. "Ina kutu. Teremkeni."

Abdulaziz aliteremka. Alikivuta kishikio mwenyewe, Jacinter akikishikilia kifuniko kwa nje, na pini ikafanya kama Mbwana alivyosema. Akavuta mara ya pili. Jacinter alisema kwa sauti ndogo kwamba Jumatatu hakuvuta mpaka mwisho, kwamba aliandika kizima na hakuvuta mpaka mwisho. Abdulaziz alimgeukia Mbwana.

"Umejua lini?"

Angeweza kusema kwamba ni sasa hivi. Angeweza kusema ameiona alipokuwa akifunga kifuniko, na pengine wangemshukuru, na jioni angekuwa na cha kumbebea Twaiba.

"Jumanne," alisema.

Abdulaziz alivua kofia yake, akajifuta uso nayo, akasema kwamba watu wawili walikuwa wameketi chini ya kioo kile, na mmoja wao ana mama Busia anayemsubiri Desemba. Akasema watazungumza mkaguzi akishaondoka; si sasa, kwa sababu sasa hauamini ulimi wake. Akaenda zake kwa miguu, akiufuata uwanja wote hadi kwa Jared, mikono nyuma.

Walibaki wawili. Jacinter alikwenda bandani akarudi na daftari la buluu. Aliketi kwenye nyasi karibu na bawa, si karibu sana, akaandika kwa kitambo. Kwanza alipiga mstari mmoja juu ya neno lake la Jumatatu, mstari ambao uliacha neno lisomeke, na kando yake akaandika kwamba kipimo hakikukamilika, akatia sahihi. Kisha akafungua ukurasa mpya, ule wa hitilafu. Ulikuwa na nafasi ya tarehe, na nafasi ya jina la aliyegundua. Akamnyooshea kalamu.

"Andika wewe, baba. Ni wewe uliyeiona."

Mbwana aliishika kalamu. Mara nyingi alikuwa amelitazama daftari lile likiwa limefungwa juu ya meza na kuliona jina lake humo kwa macho ya moyo, Mbwana Dzombo, kwa herufi kubwa. Sasa mkono wake, uliojua kusikia punje ya mchanga ndani ya maji, haukujua kalamu inashikwa wapi. Alianza na jina. Akaandika tarehe ya Jumanne, na alipofika kwenye mwezi akasimama.

"Mgongo haukuwa ukiniuma," alisema.

"Nilijua," Jacinter alisema. "Uliokota ndoo."

Akamaliza mwezi, akaandika mwaka.

Ilipokaribia adhuhuri walikuwa bandani. Mbwana alikuwa ameilainisha pini kwa mafuta mepesi, tone moja moja, huku amefunika plastiki kwa vitambaa vitatu yasiiguse, akaisugua kutu mpaka chuma kikaonyesha rangi yake. Jacinter aliipima kwa kidole, akarudia, akaingia ndani ya ndege na kufunga mikanda kama inavyotakiwa. Aliweka mkono kwenye kishikio chekundu. Mbwana akasimama nje, miguu imeachana, mikono yake miwili chini ya ukingo wa kifuniko.

"Tayari?" aliuliza Jacinter.

Akasema tayari. Zikasikika pini mbili kwa mpigo mmoja, na uzito wote ukamjia mikononi ghafla, mwingi kuliko alivyoutazamia. Akarudi nyuma hatua moja, akaudaka kifuani. Ndani ya ndege Jacinter alikuwa ameketi bila kitu juu yake, amemwinulia macho. Na nje, kwenye barabara ya miwa, gari la mkaguzi lilikuwa linakuja polepole likikwepa madimbwi.