Shikamoo ya Bi Aliya

Mimi Masouda nimemzidi Bi Aliya miaka sita. Alipozaliwa, pale shambani kwa baba yake, Unguja, ni mimi niliyefungiwa mgongoni kwa kanga nimbembeleze. Nimemfuta kamasi, nimemfundisha kutembea, na alipoanza kusema tu, bibi yake akaniambia kuwa tangu siku ile niwe ninamwamkia shikamoo. Mtoto wa miaka miwili! Akajibu "mahaba", maana ulimi ulikuwa bado mzito, na watu wote barazani wakacheka. Mimi sikucheka. Leo nina miaka sitini kasoro na bado sijaona cha kuchekesha.

Basi mashamba yakaenda, nyumba kubwa ikaenda, na mwaka wa sitini na nne tukapanda meli tukaja Maskati: Bi Aliya, ambaye alikuwa mjane, mwanawe Mahfoudh, mke wa Mahfoudh aitwaye Nasriya, binti yao mdogo Muhsina, na mimi. Tukapanga vyumba viwili upande wa Wadi Kabir, maji ya kuletewa na punda, joto la kuchemsha yai. Mahfoudh akapata ukarani katika duka moja la jumla huko Matrah. Wenyeji wakatuita watu wa Zinjibari. Hawakujua nani kati yetu alikuwa na mikarafuu na nani aliichuma, kwa sababu sote tulishuka melini na mabunda yaleyale.

Bi Aliya alijua. Kila asubuhi alikaa mkekani akingoja nilete kahawa, niiname, niseme shikamoo, naye ajibu marahaba bila ya kuinua macho. Hakuwa na mwengine tena wa kumwamuru, na kazi hiyo aliifanya kwa bidii kubwa.

Msije mkadhani alikuwa mtu mbaya. Nilipougua homa, alinikanda miguu kwa mikono yake siku tatu mfululizo. Siku ya nne nikapata nafuu, nikainuka, na yeye akarudi mkekani kungoja shikamoo yake.

Mwaka wa sitini na sita jirani yetu Bibi Kheiria, mke wa mfanyabiashara, Mwarabu wa hapahapa asiyejua hata neno moja la Kiswahili, akaonja mkate wangu wa kumimina. Alikula vipande vinne. Siku ya pili akanitumia mtu: nikahamie kwake, niwe mkuu wa jiko, nipewe mshahara na chumba cha peke yangu chenye dirisha. Nilikubali kabla mjumbe hajamaliza kusema.

Kesho yake nikampelekea Bi Aliya kahawa, nikaiweka chini, nikabaki nimesimama.

"Umesahau kitu," akaniambia.

"Sikusahau. Ijumaa nnahamia kwa Bibi Kheiria, nishampa neno langu. Nnakwenda kwa wema, na kila nikipata nafasi nitakuja kukutazameni. Lakini nna haja moja kabla sijatoka. Nnataka uniamkie shikamoo. Mara moja tu. Miye ni mkubwa wako. Nisipoipata, kizingiti hiki sikivuki tena."

Hapo ndipo alipoinua macho. "Una wazimu weye?"

"Sina. Nimekupa shikamoo za miaka karibu hamsini. Nnaomba moja."

Akanyanyuka akaingia chumbani, na kahawa ikapoa pale pale.

Tangu siku ile sikumwamkia tena, wala yeye hakunisemesha. Nasriya akaanza kujifunza jiko, maskini, na wali wake wa kwanza tuliunywa. Mahfoudh naye, aliyependa amani kuliko kitu chochote, akawa mshenga baina yetu.

"Yaya," akaniambia Jumatatu, "mama anakupa hereni zake za dhahabu."

"Mwambie zinampendeza yeye."

Jumanne akarudi, kajikuna kichwa. "Anasema yuko tayari kukuamkia sabalkheri, kama anavyowaamkia wenziwe."

"Sabalkheri huipata hata muuza samaki wa Qantab akipita mlangoni. Nnataka shikamoo."

"Lakini yaya, ni neno moja tu hilo!"

"Kama ni neno moja tu, mbona halimtoki?"

Akachukua bahasha zake akaenda kazini.

Jumatano Bi Aliya mwenyewe alinifuata jikoni, mahali ambapo hakupazoea, akasimama karibu na magunia.

"Mashamba wameyachukua," akasema. "Nyumba wameichukua. Jamaa zangu wametawanyika. Nikilitamka hilo neno, Masouda, nitakuwa nimebaki nani?"

Nilimwonea huruma, na nikaona hasira pia, vyote kwa pamoja, kwa sababu kumbe katika vitu alivyonusuru mimi nilikuwa kimojawapo.

"Utabaki Aliya," nikamwambia. "Huyo mimi nnamjua tangu hajaota meno."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita hivyo, bila ya Bi. Akageuka, akatoka.

Ijumaa baada ya sala nikafunga bunda langu. Muhsina alining'ang'ania shingoni. Nasriya alilia sana, nusu kwa ajili yangu na nusu kwa ajili ya jiko. Mlango wa Bi Aliya ulikuwa umefungwa. Nikalifungua bunda nikalifunga upya, nikalifungua tena nikalifunga, mpaka nikaona haya mwenyewe. Mlango haukufunguliwa. Nikajitwika bunda nikaondoka, na njia nzima nilijisemea kuwa sijali, hali ya kuwa kila hatua nilikuwa nageuka nyuma.

Jumamosi asubuhi Bibi Kheiria alikuwa na wageni, wanawake saba au wanane wa hapahapa, wanakula halwa na kunywa kahawa. Akaniita nikae nao, anijivunie, maana mkate ulikuwa wangu. Nimekaa, namuona Bi Aliya anaingia. Amevaa nguo yake ya Idi, yeye ambaye hajapata kwenda nyumba ya mtu bila ya kualikwa. Wanawake wote wakasimama kumpokea. Mimi sikusimama.

Akawapita wote, akaja mpaka mbele yangu, akainama.

"Shikamoo, dada Masouda."

"Marahaba," nikajibu, na utamu wake ulinishuka mpaka tumboni.

Haukudumu. Mara ile ile nikatambua kuwa mle ndani hakuna mwengine anayejua Kiswahili. Mjanja huyu! Neno langu ameenda kulitoa mahali pasipo na sikio ila langu. Kwa wale wanawake pengine alikuwa ameniuliza funguo za kabati. Nilikasirika nikataka kuinuka nirudi jikoni.

Bibi Kheiria alikuwa anatutazama kwa mshangao. Akamuuliza Bi Aliya kwa Kiarabu: "Umemwambia nini? Na huyu ni nani wako?"

Kiarabu changu kilitosha kabisa kumjibu, lakini nikaufunga mdomo wangu makusudi. Acha aseme mwenyewe. Majibu tele yalikuwepo na yote nimepata kuyasikia: mtumishi wetu, yaya wa watoto, mtu wa shamba letu. Bi Aliya akaiweka sawa shela yake.

Akawageukia wale wanawake, akasema kwa Kiarabu safi, kwa sauti ya kufika hata kwa waliokaa mlangoni:

"Nimemwamkia. Kwetu mdogo ndiye anayemwamkia mkubwa, na mimi nimechelewa. Huyu ni dada yangu."

Nikasogea, akakaa ubavuni kwangu. Nililia mbele ya wanawake wote wale, wala sikuona haya.