Mkasi wa Kengo

Kwetu Osaka ugomvi wa watoto haufiki kwa mama. Unaishia mkononi: ngumi ni jiwe, vidole viwili ni mkasi, kiganja wazi ni karatasi, mara moja tu, na aliyeshindwa haruhusiwi kununa. Jiwe huvunja mkasi, mkasi hukata karatasi, karatasi hufunika jiwe. Mimi na mdogo wangu Kengo tuliamua hivyo kila kitu, kuanzia kipande cha mwisho cha samaki hadi nani aoge kwanza. Karibu kila mara nilishinda mimi, maana nilikuwa na siri: Kengo hutoa mkasi. Nilimwona zuzu kidogo, na sikumwambia.

Desemba ya mwaka 2004 zilitoka mashine mbili za michezo za kushika mkononi, zikipishana siku kumi. Moja ilikuwa na skrini mbili, unaigusa kwa kijiti. Nyingine ilikuwa nyeusi, skrini pana, inang'aa hadi unaogopa kuishika. Shule yetu iligawanyika. Watu wa nyeusi waliita ile ya skrini mbili kikasha cha chakula, nasi tukawaita mabwanyenye. Baba alituahidi moja tu, ya kugawana, tuchague wenyewe.

Kengo alitaka nyeusi. Alikata picha yake gazetini akaibandika juu ya mto wake. Mimi nilitaka ya skrini mbili kwa sababu moja: rafiki yangu Manami alikuwa nayo, na mbili za aina hiyo zikiwa karibu mnacheza pamoja bila waya. Shule ikifungwa, Manami angehamia Akita, mbali kabisa kaskazini. Zilibaki siku kumi na mbili, na mimi nilizitaka zote.

Jumapili alfajiri tulikuwa kwenye foleni Nipponbashi, mtaa wa maduka ya vyombo vya umeme, pua zimeganda. Mbele yetu jamaa mwenye kofia ya sufu alimnong'oneza Kengo kwamba mwenye akili hununua nyeusi. Mwenzake akamwambia Kengo asimsikilize, huyo mwaka jana alinunua simu akaisahau kwenye treni siku hiyo hiyo. Foleni nzima ikacheka, na mimi nikacheka kuliko wote kwa sababu sikuweza kutulia.

Mlango ukafunguliwa. Tulipofika kaunta, muuzaji akasema zimebaki chache za kila aina, tuseme upesi. Baba akatutazama.

"Haya, mikono."

Tukatoa. Mimi ngumi, Kengo vidole viwili. Niliruka, nikamkumbatia baba, nikamkumbatia na yule wa kofia ya sufu, ambaye hata simjui.

Kwenye treni ya kurudi, baba akasinzia, sisi tukala vitonge vya pweza vya moto alivyotununulia. Sanduku lilikuwa mapajani mwangu. Furaha ikanitia huruma, nikaona nimfunulie Kengo siri yangu.

"Kengo, badilisha mkono. Wewe kila siku unatoa mkasi."

Akapuliza kitonge chake. "Najua. Na wewe unatoa jiwe. Dada, tangu niko chekechea hujatoa kitu kingine."

"Sasa mbona hutoi karatasi?"

"Natoa nikitaka kitu kweli. Unadhani kitanda cha juu nilikipataje?"

Nikakumbuka kitanda cha juu. Nikakumbuka na siku ya kuchagua jina la paka, nilipolia kwa kushindwa.

"Kwa hiyo leo hukuitaka ile nyeusi?"

"Niliitaka sana," akasema. "Lakini Manami ndiye anayeondoka. Nyeusi itakuwepo tu dukani."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka, na juu ya aibu hiyo nilimpenda mdogo wangu kuliko siku yoyote. Miaka yote nilijihesabu bingwa, kumbe nilikuwa naachiwa ushindi na mtoto wa miaka tisa. Nikamwekea vitonge vyangu viwili vya mwisho.

Nyumbani tukafungua sanduku sakafuni. Likaja swali la nani acheze kwanza. Kengo akanyoosha mkono, vidole viwili kama kawaida.

Mimi nikatoa karatasi.