Treni ya Kaizari Ilipopita Kochki

Asubuhi ya kukata nyasi Fedosya alikuwa akimenya viazi mlangoni, na mumewe Yevsei akavuka reli na mundu wake begani kwenda kwenye shamba lao la nyasi ng'ambo. Alisema atarudi supu ya kabichi ikiiva. Alipokwisha kuvuka tu, treni ya Kaizari ikaanza kupita.

Ilikwenda mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni, na kwenye kila ngazi ya behewa alisimama askari mwenye bunduki. Yakapita mabehewa ya farasi, ya wapishi, ya wapiga tarumbeta. Jioni yalikuwa bado yanapita. Fedosya akafunika supu, akaenda kwa Porfiri, askari wa reli aliyepangiwa kijiji cha Kochki.

"Baba Porfiri, hii treni inaisha lini?"

"Utawala ukiisha, mama. Kaizari wetu si mtu wa treni fupi."

"Na mume wangu je?"

"Si yule pale? Mwangalie alivyojilaza kwenye nyasi. Hana shida huyo."

Kuzunguka hakukuwezekana, maana upande mmoja reli ilianzia ikulu na upande wa pili iliishia baharini. Kupenya chini ya mabehewa kulikuwa uhaini. Mfua chuma mmoja alijaribu, na sasa anafua chuma Siberia.

Basi watu wakazoea. Yevsei akajenga kibanda cha magogo hukohuko, akafuga nyuki. Mke na mume waliongea kwenye mapengo baina ya mabehewa, mahali penye nafasi ya maneno manne hivi, matano ukiwa na ulimi mwepesi. Fedosya alikuwa akiwaambia majirani kwamba ndoa yake ina amani kuliko zao, kwani ugomvi wa maneno manne haushiki moto.

Madirishani utawala ulionekana wote. Yalipita mabehewa ya harusi, kijiji kikanukia maua kwa wiki kadhaa. Likapita lile ambamo Malkia alikuwa akimwogesha mrithi, kisha ya mabinti, mmoja baada ya mwingine. Vita vilichukua kipupwe kizima, mabehewa yamejaa ramani na majemadari waliosinzia. Mrithi alipoota jino la kwanza, wanakijiji waliamriwa washangilie, wakashangilia.

Siku ile ya nyasi Fedosya alikuwa na mimba. Alimzaa Ustinya, akampeleka kwenye tuta la reli, akawa anamwinua juu kila pengo lilipofika. Yevsei akaona sikio, kisha mguu, kisha kofia. Watoto wa Kaizari aliwaona wote wakikua, wakijifunza Kifaransa, wakipanda farasi wa mbao, wakilizwa na dawa ya minyoo. Wa kwake alimwona vipandevipande. Hilo lilimuuma Fedosya kuliko kulala peke yake, na hakuwahi kulificha.

Ustinya alipoolewa, baba yake alimbariki kwa picha takatifu baina ya behewa la daktari wa meno na behewa la mvinyo.

"Mumeo ana masharubu?" akapaza sauti.

Behewa likapita.

"Kidogo tu, baba!"

Behewa jingine.

"Basi mvumilie, yataota!"

Hatimaye yakaanza kupita mabehewa yaliyofunikwa vitambaa vyeusi. Porfiri akaja na amri: jeneza likipita, watu wa pande zote mbili wapige magoti, paji la uso ardhini, mpaka padri wa upande wao amalize sala.

"Na nyuma ya jeneza kuna behewa gani?" Fedosya akauliza.

"Hakuna, mama. Hilo ndilo la mwisho."

Fedosya akakimbia tutani. "Jeneza likipita tu, vuka!"

"Nitavuka! Nimeshanyoa!"

Siku yenyewe alioga, akajifunga kitambaa cha harusi yake, akakaza kamba za viatu. Jeneza likaja. Kijiji kizima kikapiga magoti, naye akapiga. Magurudumu yakapita, yakafifia, kisha kukawa kimya. Paji la uso likiwa kwenye udongo, Fedosya alisikia nyuki wa ng'ambo wakivuma na mumewe akikohoa, karibu mno, kama mtu aliye chumba cha pili. Alijua ukimya ule maana yake nini. Lakini padri alikuwa hajasema amina, na padri wa Kochki alikuwa mtu wa maneno mengi.

Amina ikaja. Fedosya akainua uso. Mbele yake kilikuwa kikipita kichwa cha treni kipya, kimepakwa rangi ya buluu, na mabehewa yaliyokifuata hayakuwa na mwisho.

"Yevsei! Mbona hukuvuka?"

"Padri wetu hakumaliza! Wewe je?"

"Wetu naye vilevile!"

Porfiri alisimama kando, akijipangusa vumbi magotini. "Huyu mpya ni kijana, mama," akasema kwa upole. "Kifua kipana, hana hata mafua."

Fedosya alilia siku ile na siku iliyofuata. Jumapili akaenda kanisani. Padri akamwombea Kaizari mpya maisha marefu, na waumini wakaitikia kwa wimbo, "Miaka mingi, miaka mingi!" Fedosya akaimba pamoja nao, kwa sauti yake yote, maana ndivyo unavyoimbwa.