Kitufe cha Doña Eduviges

...na hiyo nimeiona, bonyeza, na hiyo pia, juu kidogo ya katikati, bonyeza, hizi za katikati hazinishindi hata mashine ikitaka, kidevu kimekaa pake, jicho la kushoto limezibwa, la kulia linakodolea kijitaa cha njano ndani ya bakuli hili jeupe, kubwa kama beseni la kuogeshea mtoto, na kitufe kiko mkononi mwangu... “Doña Eduviges, tazama katikati tu, usizikimbilie taa kama kuku anayefukuza panzi,” ananiambia Nayeli, binti wa vipimo vya macho, sauti yake inatoka nyuma ya mashine, nami namjibu kuku ni shangazi yako, anacheka, mwaka wa pili huu tunataniana hivi, kila baada ya miezi sita naja kuutia uso wangu humu... bonyeza... mimi Eduviges ninayechora sahani za udongo za talavera tangu nina miaka kumi na minne, ninayevuta mstari wa buluu mwembamba kama unywele kuuzunguka ukingo wote bila kuinua brashi, vijana wa karakana wanaacha kazi kunitazama, halafu nikisimama tu naipiga teke ndoo ya rangi iliyo miguuni pangu, ndivyo ulivyo ugonjwa wetu wa macho, wa ukoo, unakula kutoka pembeni kwenda ndani, polepole, kama mtoto anavyoitafuna tortilla, chapati yetu ya mahindi, kuanzia ukingoni, na mimi nataka huyu mtoto ashibe mapema, basi, sidai zaidi... Daktari Ledesma hakunificha, alisema siku ya kwanza, dawa hii hairudishi kilichokwenda, tunachotafuta ni kama inachelewesha kupotea kwa kinachobaki, na wewe hutajua unakunywa dawa au kidonge kitupu, wala mimi sitajua, mpaka utafiti uishe, nikamwambia daktari, mimi naziingiza sahani tanurini kila wiki na sijui zitatokaje, wewe nipe tu, na tangu siku hiyo asubuhi na jioni natumbukiza kidonge kwenye glasi ya maji, kinachemka, kinanuka yai bovu, nakunywa nimeziba pua, sijaruka hata siku moja, hata siku ya mazishi ya mama...

Bakuli limekuwa jeupe tu. Hakuna taa, au ipo na siioni, na mashine haisemi, inakwenda tu, tik, tik, kila tik ni taa imewaka mahali, na hizi tano sita zimepita na kidole changu hakijasogea... nani atajua nikibonyeza? Tik inasikika, kidole kinajua wakati wake, nikibonyeza kwa kufuata mlio karatasi itatoka safi, daktari atafurahi, nami nitamwonyesha Crisóforo... yaani hata karatasi yenyewe haioni, kaka yangu, lakini nitamsomea, kwa sababu Jumapili iliyopita mezani alinichokoza, “Endelea kunywa maji ya yai bovu, dada, mwisho utataga,” watu wakacheka, na mimi nikacheka, kisha nikamwambia angalau mimi nataga, wewe ulijificha... alikuwa tarishi, Crisóforo, miaka mitatu aligawa barua kwa baiskeli akiwa haoni ila kama mtu anayechungulia kwenye bomba, aliishika mitaa yote kichwani, kila mlango, kila mbwa, hakumwambia mkewe, hakumwambia mkubwa wake kazini, hadi asubuhi moja alipolivaa gari la mkono la mama muuza tamale, mikate ya mahindi ya mvuke, pale kona ya soko, mvuke, majani ya mahindi, barua za watu kwenye mchuzi, na yule mama akapiga kelele, “Wewe mtu, huna macho?” naye akakaa chini njiani akajibu, sina... na baba kabla yake, ambaye tuliambiwa moshi wa tanuri ndio ulimpofusha, nyumba nzima ikaishi na moshi huo miaka arobaini, hakuna aliyeuliza mbona mafundi wengine hawakupofuka... bonyeza, hiyo ilikuwa kweli, nimeiona, hafifu lakini nimeiona.

“Umelala, Doña?” Sijalala, mama, nafikiri. “Fikiri, ila usiikose taa.” Hajui ninachofikiri, kwamba binti yangu Yareli yuko nje kwenye benchi, miaka ishirini na sita, kanisindikiza leo kwa mara ya kwanza, kaniambia mama, nitakushika mkono kwenye ngazi, na ni kweli kanishika, lakini kule kwenye ukumbi wa chini, kabla sijautafuta ukuta, mkono wake mwingine ulikuwa umeshautafuta, nilisikia kiganja kikiparuza plasta, na akasema, “Hawa nao, hata taa hawawashi?” na taa zilikuwa zimewaka, niliziona mimi, mimi mwenye macho ya kuchungulia, nikasema ndiyo mwanangu, watu wa hospitali ni wachoyo wa umeme... nikasema hivyo! Ulimi wangu ulifanya haraka kuliko mimi, uongo uleule wa moshi wa tanuri, nimeuwasha upya kwenye ngazi za hospitali... tik... na hapa nimekaa nataka kubonyeza kwa kufuata mlio ili karatasi ipendeze, wakati siku moja daktari atamwambia Yareli kunywa au usinywe kwa kuhesabu nukta hizi za kwenye karatasi, zangu na za wagonjwa wengine wote walioutia uso wao kwenye bakuli kama hili, nukta moja ya uongo nikiitia hapa naitia kwenye glasi yake... tik... hiyo sijaiona. Haya, ipite. Tik. Sijaiona. Ipite, na hiyo ipite, kidole kimetulia, ajabu, kimetulia kama kinapokuwa juu ya ukingo wa sahani, na mimi sijisikii nimepungua, hapana, najisikia nachora, pale nyeusi acha iwe nyeusi, pale buluu acha iwe buluu, daktari atapata picha yangu kama ilivyo, na kama nimekunywa kidonge kitupu cha chokaa miaka miwili basi chokaa nayo ina kazi yake, watajua tofauti kwa sababu yangu...

“Nayeli.” “Usiongee, kidevu kinatikisika.” “Daktari Ledesma anapokea wapya, wa ukoo wa wagonjwa wake?” “Anawapima, ndiyo. Nani?” “Binti yangu.” “Ana tatizo?” “Ana mama mwenye tatizo, na mjomba, na babu.” “Mwenyewe anajua?” Hajui, au anajua kama Crisóforo alivyojua, peke yake, akihesabu milango... “Nikitoka hapa nitamwambia,” nasema, “mimi mwenyewe, pale benchini, nikiwa nimemshika mkono, kabla hajanishika yeye, akitaka kupimwa sawa, akikataa nitamngoja, ila moshi hataukuta tena.” “Moshi gani, Doña?” Wa ukoo, mama, wa ukoo, acha... atalia, namjua, atanifokea pia, kwa nini hukusema, na nitakubali kufokewa, ana miaka mingi mbele yake na macho bado mengi, na kuanza mapema ni... bonyeza. “Vizuri,” anasema Nayeli, “zimebaki kidogo, halafu tunahamia la kushoto,” sawa, leta, mimi nipo, tik, hiyo hapana, tik, hiyo hapana, tik, chini kabisa pembeni, mahali ambapo sikutegemea kitu, cheche ndogo, imewaka, imezimika, nimeiona, nimeiona kweli, bonyeza...