Barua ya Sifa ya Mtoro

Mwalimu mkuu alipostaafu alikabidhi funguo, kengele na fimbo; kalamu nyekundu akaondoka nayo mfukoni. Watoto wake walishakua na kwenda zao, kwa hiyo waliobaki wa kusahihishwa walikuwa mkewe na mbuzi vibete watano, wafugwao kwa mapenzi tu, wafupi kiasi kwamba ukisimama nao wanakuishia magotini.

Kila mwisho wa mwezi aliwaandikia ripoti za tabia na kuzibandika kwenye mlango wa banda. Mheshimiwa, beberu mwenye ndevu, kila asubuhi alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia kwa kirefu, kisha akashuka bila kufanya lolote. Mapacha walitafuna vichwa vimekaribiana huku wakikukodolea macho, ungeapa unasengenywa. Kiranja alisimama mlangoni jioni kuhakikisha wenzake wameingia, na aliyechelewa alikula pembe za mbavu. Na Mtoro? Huyo hakuna ua aliouheshimu. Ukiziba chini anaruka, ukiziba juu anachimba, na safari zake zote zilikoma mahali pamoja: jikoni kwa mke wa mwalimu, kando ya gunia la mkaa. Alijilaza hapo akimsikiliza mama wa watu akiongea.

Alimsikiliza hasa! Nyumba nzima hapakuwa na mwingine wa kumsikiliza. Mwalimu, kwa miaka arobaini, alionja chakula cha mkewe, akafuta mdomo, akatoa maoni yale yale: "Umejitahidi. Ongeza bidii." Mama wa watu alikuwa amechoka kujitahidi.

Sasa mmoja wa mapacha akashika mimba, na daktari wa mifugo akasema banda lile halitoshi zaidi ya watano. Mmoja lazima aondoke kabla ya kuzaliwa mwingine.

"Mtoro anahama," mwalimu akatangaza.

"Mwalimu, huyo niachie mimi. Toa yeyote, huyo niachie."

"Mama, shule haiendeshwi kwa huruma."

Bahati ilimwangukia mwalimu: jirani yao mpya, mkaguzi wa shule mstaafu, bibi asiyecheka ovyo, alikuwa akitafuta mbuzi wa kumchangamshia uwanja. Mwalimu akakaa mezani akaandika barua ya kumtambulisha Mtoro. "Mtulivu, mtiifu, mwenye nidhamu ya hali ya juu. Hajawahi kutoka nje ya ua bila ruhusa. Tunamwachia kwa masikitiko makubwa."

Mkewe aliisoma. Barua za namna hiyo alizijua. Yule mwalimu wa hesabu aliyekuwa akikoroma darasani alihamishwa kwa barua kama hiyo, na mpishi wa shule aliyeunguza uji muhula mzima alisindikizwa na barua iliyowatoa watu machozi. Aliyeandikiwa hivyo na mumewe hakurudi tena.

Siku ya mgeni ilipofika, mama alizibandua ripoti zote mlangoni pa banda, akazikunja na kuziweka kwenye sinia, kando ya kikombe cha mkaguzi. Maishani mwake hakuwahi kumwaibisha mumewe mbele za watu. Lakini jikoni bila Mtoro? Hapana, afadhali aibu.

Mkaguzi alisoma barua, akanywa chai, akazisoma ripoti. Akavua miwani.

"Mwalimu, huyu mtiifu wa kwenye barua na huyu aliyetoroka mara kumi na tisa mwezi huu, ni mbuzi mmoja?"

Mwalimu alikohoa. "Amebadilika."

Wakati huohuo huyo aliyebadilika akakatiza sebuleni akitokea jikoni, mdomoni ana kitambaa cha kufutia vyombo.

"Barua hizi nimezisoma miaka thelathini," mkaguzi alisema. "Mwalimu mkuu akimmwagia mtu sifa, ujue amemchoka. Anayempenda humwandikia maneno matatu tu." Akainua ripoti ya Kiranja na kuisoma kwa sauti. "'Amejitahidi. Aongeze bidii.' Basi, namchukua huyu."

Mwalimu alifungua mdomo. Lakini maisha yake yote hakuwahi kumbishia mkaguzi, akaufunga. Kiranja aliondoka na kamba shingoni, akigeuka nyuma kila hatua kama anayehesabu wenzake. Mwalimu alisimama getini hadi wakapotea kwenye kona, na hata hapo hakuondoka.

Mama alimhurumia kweli. Kisha akarudi jikoni, akaketi kwenye kigoda, na yale maneno ya mkaguzi yakamrudia. Maneno matatu. Miaka arobaini, asubuhi, mchana na jioni, maneno matatu! Alicheka mpaka akalia, na Mtoro akamsikiliza.

Jioni ile alipika kwa moyo mmoja. Mwalimu aliketi mezani mnyonge, banda limempwaya kwa mmoja tu, na pengine alikuwa ameamua kuwa mtu mwingine kuanzia siku hiyo. Alionja. Akatua kijiko, akafuta mdomo.

"Mama," alisema, "chakula hiki kitamu mno. Kwa kweli wewe ni mpishi hodari, mtulivu, mwenye nidhamu ya hali ya juu."

Mama aliuweka mwiko chini, akamtazama.

"Mwalimu," aliuliza, "unanihamishia wapi?"