Kijiti cha Mheshimiwa

Ko! Mwiko ulianguka tena sakafuni jikoni, na nje bado kiza.

“Mume wangu, nimekuambia ushike, ukae nao. Usinirudishie!”

“Mkono wenyewe ndio unaotoa, mama watoto. Mimi nifanyeje?”

Mkewe, mshonaji wa nguo, akashusha pumzi. Alimpenda tangu siku alipomletea bukta iliyochanika, akiwa bingwa wa mbio za kupokezana vijiti. Zamu yake ilikuwa ya tatu, miaka yote: anapokea kwa nyuma bila kutazama, anatimka, anamkabidhi kijiti wa mwisho, ambaye hubaki nacho. Medali zilimjaa kifuani mpaka watu wakampa udiwani.

Kumbe kwenye baraza la madiwani kuna kipaza sauti kimoja tu, nao hupeana mkono kwa mkono! Mara mbili alikipokea, mara mbili akachomoka nacho, akamsukumizia diwani wa mbele mbavuni, akabaki anahema kwa raha. Neno hajatamka. Na zahanati ya kata yao inavuja, kina mama wanajifungua wameshikiwa miavuli. Leo ndiyo siku ya kugawa mabati. Asiposema leo, basi tena, mpaka mwakani.

“Haya, shika,” mkewe alimnyooshea mwiko.

Ko!

Barazani, mshonaji na binti yao walikaa benchi la wageni. Kipaza sauti kikaja, safu kwa safu. Diwani wa nyuma akamgusa mumewe begani. Mkono ukajirusha nyuma, vidole vikafumba, na mheshimiwa huyoo!

“Jamani, anakuja!” akapiga yowe diwani mnene wa mbele, ambaye mbavu zake hazijapona tangu kikao kilichopita. Akaficha mikono kwapani. Wenzake wote wakaficha yao.

“Shika! Shika!” Mheshimiwa alizunguka meza, tai begani, kiatu kimoja kimebaki nyuma. Hakuna aliyenyoosha hata kidole.

“Mheshimiwa, unasema au husemi?” mwenyekiti alifoka. “Mabati tuwape wengine?”

Mkewe akajifunika uso kwa mtandio. Mazoezi yote yale ya mwiko, bure!

Mheshimiwa akasimama katikati ya ukumbi, anatweta, kipaza sauti mkononi, akiangaza huku na huku kama aliyepotezana na mwenzake sokoni.

Binti akapanda juu ya benchi.

“Baba, leo wa mwisho ni wewe.”